Dirisha la Mama Mkwe

Wanafunzi wa Kajiado walimwita baba yangu Rubani, ingawa katika maisha yake yote hakuwahi kuendesha kitu kikubwa kuliko baiskeli. Alikuwa mwalimu wa jiografia, na jina hilo lilimpata kwa sababu ya maswali yake ya mtihani. Mwalimu mwingine angeuliza umbali wa kutoka Kajiado hadi Namanga kwa barabara, watoto wapime kwa rula, waandike jibu, waende zao kucheza mpira. Baba aliwauliza ndege. Ndege imeondoka uwanja wa Kisumu ikielekea uwanja wa Wilson, mwendo wake ni huu, upepo unaisukuma kwa nyuma hivi, je, abiria watawahi chai ya saa nne? Darasa lilijaa watoto wa wafugaji waliojua kupima umbali kwa kiu ya ng'ombe, na walimpenda kwa wazimu wake huo. Uwanja mpya wa Eldoret ulipofunguliwa mwaka wa tisini na saba, aliitupa Kisumu siku hiyo hiyo. Eldoret ndiyo iliyokuwa karibu na kwetu.

Kwetu ni Ndalu, kule Bungoma, ingawa mimi nimelelewa Kitengela. Tulihama kutoka nyumba za walimu Kajiado wakati Kitengela bado ni nyasi, na watu wenye akili timamu walimcheka baba kwa kununua ploti huko. Pundamilia walikuwa wakipita nyuma ya choo chetu. Mvua ikinyesha, ule udongo mweusi ulikuvua kiatu ukabaki nacho, na Naserian, mama aliyetuletea maziwa, alisimama ng'ambo ya tope akipiga kelele ya salamu ya Kimaasai, "Sopa!" mpaka mmoja wetu aitikie "Ipa!" na kumfuata na sufuria. Kila asubuhi baba alishuka na barabara ya Namanga kwenda kufundisha, na kila jioni alirudi na chaki kwenye mkono wa koti. Sasa hivi Kitengela ni maduka na magorofa, na nikipita pale nashindwa hata kujua choo chetu kilikuwa wapi. Inaniuma, na sioni haya kusema.

Sebuleni mwetu hakukuwa na picha ya harusi. Mahali pake palikuwa na ramani ya Kenya, kubwa, yenye madoa ya chai, ambayo shule ilikuwa imeitupa. Baba alikuwa amechomeka pini mbili, moja Eldoret na moja Nairobi, na kati yake akafunga uzi mwekundu aliouiba kwenye sweta mama alilokuwa akifuma. Wageni wote walionyeshwa ule uzi kabla ya kupewa kiti.

"Kwa barabara ni zaidi ya kilomita mia tatu," angewaambia. "Unapanda, unashuka, unazunguka. Kwa njia ya ndege ni kama mia mbili na sitini tu. Chini ya saa moja umefika! Na huko chini unaona Bonde la Ufa lote, na maziwa, na mlima Longonot umefunua mdomo."

"Umeiona lini?" mama angemuuliza. Mama yangu, Jacinta, hakuwa mtu wa kumpa mtu kichwa bure.

"Nitaiona."

Kila Desemba tulipokuwa ndani ya basi la kwenda nyumbani, jua limetuchoma upande mmoja tangu Limuru, baba angeangalia juu na kusema, "Kwa njia ya ndege tungekuwa tumeshafika, tunakunywa chai." Na mama, akiwa na kikapu mapajani na mtoto juu ya kikapu, angejibu, "Basi shuka uruke."

Lakini tukifika Ndalu, Rubani aliyejaza sebule yetu kwa maneno aligeuka bubu. Sababu ilikuwa Kukhu, yaani bibi yetu, mama mzazi wa mama yangu. Sisi Wabukusu, mtu na mama mkwe wake hawachezi. Hawasalimiani kwa mkono, hawakai karibu, hawali meza moja, hawaangaliani usoni. Akisikia sauti yake njiani, mkwe anaingia kichakani mpaka apite. Hata jina lake halitamki. Mimi nilipewa jina la Kukhu, Nelima, na kila mtu nyumbani aliniita hivyo isipokuwa baba. Kwake nilikuwa Shirleen tu, tangu siku niliyozaliwa. Nikiwa mdogo nilidhani hakulipenda.

Kwa hiyo huko Ndalu, baba alikaa nyumbani kwa Mjomba Khisa, kaka yake mama, na Kukhu akakaa kwake, na mimi nikawa posta. Kukhu angesimama nyuma ya mgomba, hatua chache tu kutoka kwa dirisha la baba, aseme kwa sauti, "Mwambie mgeni chai iko tayari." Nami ningeingia nimwambie mgeni, ambaye alikuwa amesikia kila neno, "Baba, chai iko tayari." Angesema, "Mwambie asante." Ningetoka na asante yangu. Sisi watoto tulikufa kwa kicheko. Baba alikuwa amemwoa binti ya Kukhu miaka mingi, na ukimuuliza mama mkwe wake anafananaje, angeweza kukueleza mgongo tu.

Ilipofika mvua ile kubwa ya El Niño, Kukhu aliugua. Tumbo lilivimba mpaka majirani wakaanza kumtania kwamba ana mimba. Daktari wa misheni alimpima akasema ni uvimbe, unahitaji upasuaji Nairobi, na haraka. Kisha akasema jambo la pili: asisafirishwe kwa gari. Mwaka ule barabara haikuwa barabara. Mvua ilikuwa imekula madaraja, lami imebaki vipande vipande, mabasi yalilala njiani. Mrusho wa saa kumi na zaidi, alisema daktari, ungeweza kuupasua ule uvimbe, na hapo tungempoteza.

Mama alikuwa amejifungua mdogo wangu kwa kisu siku chache kabla ya habari kufika. Alikaa kitandani akilia, maziwa yakimtoka, asiweze kwenda popote. Baba alisimama mbele ya ramani yake. Nakumbuka aliuweka mkono juu ya uzi na kuuacha hapo.

"Ataletwa na ndege," alisema.

Watu walichanga. Kanisa la Kitengela lilichanga, walimu wa Kajiado walichanga, Mama Waithera, jirani yetu mwenye vyumba vya kupangisha, alichangisha wapangaji wake akiwa amesimama mlangoni kwao. Zikapatikana tiketi mbili, moja ya Kukhu na moja ya Mjomba Khisa, maana lazima mgonjwa asindikizwe, na mtoto wa kiume ndiye anayefaa. Baba, ambaye alijua kila kitu kuhusu ndege isipokuwa ndege yenyewe, angepanda basi kwenda kuwapangia safari, awafikishe uwanjani, kisha arudi kwa basi. Alikubali. Mama alimtazama akifunga begi lake, akajua kinachomuuma, akamwambia, "Siku yako itafika, Baba Shirleen." Akajibu kwamba cha muhimu ni mama apone.

Yaliyotokea Eldoret nimeyasikia kwa watu wote waliohusika, na kila mmoja ana lake, lakini kwa hili wote wanakubaliana: Mjomba Khisa, jitu la mtu, fundi wa kuvuta fahali kwa kamba, alifika mbele ya ile ndege ndogo ikianza kunguruma na miguu yake ikagoma. Hakulia, hakukimbia. Aliketi tu pale chini kwenye lami akiwa na suti.

"Nalianya," alimwambia baba, akimwita kwa jina lake, "mimi siendi. Hiki kitu hakina hata bodi ya mbao kama lori. Panda wewe."

"Nipande na nani? Nikae na mama mkwe?"

"Basi mama afe?"

Kukhu alikuwa ameshapandishwa. Injini ya pili ikawaka. Siku zile hakuna aliyekuuliza kitambulisho sana. Mfanyakazi wa uwanja alifuta jina la mjomba kwa kalamu akaandika la baba, na kumsukuma ngazini. Ndani, ndege imejaa kabisa kwa sababu kila mwenye uwezo alikuwa ameikimbia barabara. Kiti kilichobaki ni kimoja, na kiko kando ya Kukhu, ambaye wamemfunga mkanda dirishani.

Baba alimwendea msichana wa ndege. "Madam, siwezi kaa hapo."

"Mzee, ndege inaondoka. Kaa na mama yako."

"Si mama yangu. Ni mama mkwe."

"Sasa si ni mama tu?"

"Hapana, madam. Nitafutie hata ndoo nikae huku nyuma."

"Hakuna ndoo kwa ndege, mzee. Kaa."

Akakaa. Tako moja kwenye kiti, lingine njiani. Akafungua gazeti na kuliinua upande wa kushoto wa uso wake kama ukuta, na Kukhu akajifunika leso kichwani, akageukia dirisha. Hivyo ndivyo walivyopaa. Na hapo, baba alisema, ndipo alipojisikia kulia. Dirisha alilolingoja maisha yake yote lilikuwa pale, angeweza kuligusa kwa mkono, na ndani ya dirisha lile kulikuwa na uso wa mama mkwe. Kuangalia nje ilikuwa ni kumwangalia yeye. Rubani wa Kajiado alikuwa angani na hakuwa anaona kitu zaidi ya matangazo ya vifo.

Kisha Kukhu akaanza kuongea. Hakuongea na baba, angekufa kwanza. Aliongea na fimbo yake.

"Fimbo yangu," alisema kwa Kibukusu, "kuna mtu ametoka Kitengela kunifuata. Mtoto wangu aliniambia juu ya uzi alioufunga ukutani. Najua anataka sana kuona huko chini, na hawezi, kwa sababu mimi nimeziba. Basi nitakuambia wewe ninachokiona. Kama yeye ana masikio, hilo si kosa langu."

Na akaanza. Akaona mto umejikunja mara tatu, maji yake mekundu kwa mvua. Akaona mama ametandaza mahindi juani, kuku wanamsumbua, anawafukuza kwa ufagio. Akaona mwanamume analima kwa ng'ombe wanne, na yule wa mbele kushoto ni mvivu, anavutwa na wenzake. Akaona ziwa.

Baba alishindwa kuvumilia. Akaliambia gazeti, "Gazeti, sijui hilo ziwa ni kubwa kiasi gani."

"Fimbo, ni kubwa kushinda lile shamba la mzungu tulilogawiwa. Na limejaa ndege wekundu."

"Gazeti, na ule mlima wenye shimo juu?"

"Fimbo, naona hata moshi wa mtu anayepika pale karibu. Naona watoto wametoka shule. Wanatupungia."

Wakaenda hivyo mpaka mwisho, fimbo na gazeti, na msichana wa ndege akipita alidhani ana wagonjwa wawili.

Mimi na Mama Waithera tuliwangoja Wilson. Kulikuwa na manyunyu, na ndege yao ilitokea ghafla juu ya mabati kama iliyoangushwa. Mlango ukafunguliwa. Badala ya Mjomba, baba akatoka wa kwanza, uso ameugeuza pembeni, na mkononi ameshika ncha ya fimbo. Ncha nyingine ameishika Kukhu. Akashuka ngazi moja, akagonga chuma kwa kiatu chake, tak, akangoja. Kukhu akashuka. Akagonga tena. Walivuka uwanja wote namna hiyo, fimbo kati yao, yeye akimwonyesha njia bila kumwangalia, na watu wakawacheka. Mimi pia nilicheka. Nilidhani naona heshima iliyozidi kipimo.

"Huyu baba yako," Mama Waithera alisema akifuta macho, "huyu ni mtu."

Upasuaji ulifaulu. Uvimbe ulitolewa, na mama alipopata habari aliruka kitandani akiwa bado na nyuzi zake. Kabla Kukhu hajaruhusiwa kutoka, alikuja daktari mwingine, wa macho, akampima na kusema ana mtoto wa jicho aliyekomaa pande zote mbili, ni ajabu anatembea. Akatibiwa na macho pia. Tulishangaa sana. Wajomba walikuwa wamesema anapapasa kwa sababu ya uzee. Hakuna aliyejua daktari wa macho ametokea wapi. Mama alisema hospitali kubwa ndivyo zilivyo, zinakuangalia kila mahali.

Alikaa kwetu Kitengela mpaka apate nguvu, ingawa "kwetu" hapo ni neno la adabu. Kulala chini ya paa la mkwe wake hakukubali. Mama Waithera alimpa chumba kimoja ng'ambo ya ua, na posta ikaanza tena. Baba akirudi kutoka Kajiado alikohoa tangu barabarani ili Kukhu awahi kuingia ndani. Nilimpelekea uji, nikamwogesha, tukakaa mlangoni tukitazama tambarare. Zile siku ndizo ninazozikumbuka nikisikia harufu ya nyasi mbichi. Bandeji za macho zilipotolewa, nyumbu walikuwa wanapita, mstari mrefu mweusi, nami nikamwambia ni nyumbu. Alishika mkono wangu akaangalia mpaka wa mwisho alipopotea.

Siku moja baba akiwa kazini, aliniomba nimpeleke sebuleni kwetu, mara moja tu. Alisimama mbele ya ramani. Akapitisha kidole juu ya uzi, kutoka pini hadi pini.

"Kafupi hivi?"

"Ndiyo, Kukhu. Kwa ndege ni kama dakika hamsini tu."

"Kwangu ilikuwa ndefu," alisema, na akacheka peke yake mpaka akashika mshono wake tumboni.

Barabara ilipotengenezwa kidogo, mama alimrudisha Ndalu kwa basi. Ndege ya pili hakuitaka. Mama alisema njia nzima hakusinzia hata kidogo. Alibandika paji la uso kwenye kioo, na walipofika mahali ambapo ziwa Naivasha linaonekana kule chini, alimshika mkono na kumpa ujumbe.

"Mwambie mwenye ramani kwamba sasa nimeliona ziwa. Ni kubwa kuliko nilivyosema."

Mama aliporudi akautoa ujumbe mezani, tukila. Baba aliweka ugali chini. Alitoka nje akasimama kwenye ua muda mrefu, mpaka chakula kikapoa, na mama akasema wanaume hawaeleweki.

Miaka ikaenda. Baba aliisimulia safari yake kwa kila mtu: darasani, kanisani, kwenye harusi za watu asiowajua. Mto uliojikunja, mama na mahindi yake, ng'ombe mvivu. Mama hakuacha kumkatiza. "Kuku? Kutoka juu huko aliona kuku?"

"Mama yako," baba angejibu bila kucheka, "alikuwa na macho makali sana."

Kisha akaanguka kutoka juu ya tangi la maji akaumia mgongo, akastaafu mapema. Barabara za mbali zikawa mwiko kwake; hata kwenda Kajiado kuchukua karatasi za pensheni alirudi akiugulia mgongo.

Kukhu alifariki Novemba ya mwaka elfu mbili na sita, usingizini, na macho yake mazuri. Mama na wadogo zangu walitangulia na gari. Baba alibaki ameketi chini ya ramani, uso umemshuka. Mkwe asipofika kumzika mama mkwe wake ni aibu ambayo watu wa Ndalu wangeikumbuka mpaka wajukuu, lakini haikuwa aibu tu. Niliijua ile sura. Mimi nilikuwa nimepata kazi yangu ya kwanza katika ofisi moja Athi River. Nikakata tiketi mbili, Wilson hadi Eldoret, nikamwekea moja mapajani.

"Ni ya dirishani," nilimwambia. Nilijisikia mkubwa sana.

Siku hiyo alivaa suti yake ya kufundishia. Tulipoingia ndani nilimpisha, akasimama tu.

"Kaa wewe hapo. Kiti changu ni hiki cha njiani."

"Baba, miaka yote hii! Hiyo dirisha nimekununulia wewe!"

"Kaa, Shirleen. Watu wanangoja kupita."

Nikakaa nimenuna. Akafungua gazeti, akalilaza magotini, hakulisoma. Tukapaa. Niliiona Wilson ikizama, nikaona mabati ya mji, kisha tukaingia mawinguni, na mawingu yakakataa kwisha.

"Unaona nini?" aliniuliza baada ya muda. Alikuwa anaangalia mbele.

"Hakuna kitu. Ni mawingu tu. Nyeupe tupu."

Akatikisa kichwa polepole. "Hata siku ile ilikuwa hivi hivi."

"Siku gani?"

"Ile yetu. Tangu Eldoret mpaka karibu tuguse chini. Nililiona dirisha la wale wa upande wa pili. Nyeupe tupu, safari nzima."

Sikumwelewa. "Na yule mama na mahindi? Na ziwa?"

"Hakujua kuna mawingu," baba alisema. "Alidhani ni macho yake."

Nikageuka nikamwangalia. Yale meupe niliyokuwa nayaona kwenye kioo, Kukhu alikuwa akiyaona kila mahali kwa miaka, jikoni kwake, shambani, kwenye nyuso zetu, na hakuwa amemwambia mtu. Aliamini kwamba abiria wote wanaiona nchi isipokuwa yeye. Na akiwa na uvimbe ule tumboni, na hofu ile, na haya ile ya kukaa karibu na mkwe, alikuwa amekaa akimtungia nchi nzima, kuku kwa kuku, ili safari yake isipotee.

"Ndiyo maana ile fimbo," nilisema. "Ngazini."

"Asingeziona zile ngazi."

"Na daktari wa macho? Ni wewe uliyemwita?"

Alilikunja gazeti mara mbili. "Hakutaka watu wajue. Ningesema kwa mama yako, wajomba zako wangejua. Nikamwambia daktari peke yake." Akalikunjua tena. "Halafu akaliona ziwa, akanitumia salamu. Alijua kwamba najua. Mimi na yeye hatukuwahi kuangaliana, Shirleen, na hakuna mtu aliyenitendea vile. Hakuna."

Akalia waziwazi, mzee wa watu, mbele ya abiria. Nilimshika mkono. Nilikuwa nimezoea kumcheka baba yangu tangu utotoni, na siku hiyo nilimpenda kuliko siku zote.

Alipotulia akajifuta uso kwa mkono wa koti. "Haya. Niambie unaona nini."

"Baba, nimekuambia ni mawi—"

"Niambie."

Nikageukia dirisha. Lilikuwa jeupe kama maziwa ya Naserian. Nikavuta pumzi.

"Naona mto," nilisema. "Umejikunja. Naona mama ametandaza mahindi juani, na kuku wanamsumbua."

"Kuku wa rangi gani?"

"Wekundu. Kuna jogoo mmoja mweupe, ndiye mkorofi. Mama amechukua ufagio, anamkimbiza. Na pale mbele kuna mtu analima kwa ng'ombe wanne."

"Yule wa kushoto?"

"Bado ni mvivu."

Baba akafumba macho, akaegemeza kichwa chake kwenye kiti, machozi na kicheko vimechanganyika usoni.

"Endelea, Nelima," akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kulisikia jina hilo mdomoni mwake. Nikaendelea mpaka tulipogusa Eldoret.